Dirisha la programu lisipoenea kwenye skrini: dalili, sababu na namna ya kutengeneza

Mwongozo huu ni wa watu wa aina mbili hapa Lubumbashi: yule anayekaa mbele ya kompyuta ya depo, farmasi au biro ya sekretaria na kuona programu yake imekatwa chini, na yule kijana aliyeiandika programu hiyo ambaye sasa simu hazimpi usingizi. Vichwa vidogo nimeviacha kama wateja wanavyosema wenyewe. Majina ya menyu ni ya Windows ya Kifaransa, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye masini za huku.

Kabla ya kugusa kitu chochote, fanya hesabu moja. Usihesabu inchi za skrini, maana hazikuambii lolote. Hesabu nafasi halisi: chukua rezolusheni (idadi ya pikseli, yaani nukta za skrini, kwa upana na urefu), igawanye kwa kiwango cha ukuzaji, ile asilimia ambayo Windows hukuzia maandishi na madirisha. Vyote viwili utavipata ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu pa skrini na kuchagua « Paramètres d'affichage ».

Skrini ya 1366 × 768 iliyo kwenye 100% ina nafasi ya 1366 × 768. Mtu akiipandisha hadi 125%, inabaki takriban 1092 × 614. Sasa chukua kompyuta mpya ya patroni, ya inchi 14, yenye 1920 × 1080. Kwa maandishi yasomeke, Windows mara nyingi huiweka yenyewe kwenye 150%. Gawanya: 1280 × 720. Ile masini kuukuu ya kwenye kaunta ina nafasi kubwa kuliko hiyo mpya! Ndiyo maana simu nyingi huanza na maneno « tulinunua masini mpya, sasa programu inakatika ».

Kwenye nafasi hiyo toa bado upau wa chini, wenye pikseli 40 katika Windows 10 na 48 katika Windows 11, na kichwa cha dirisha chenye pikseli kama 30. Kinachobaki ndicho programu inachopewa. Andika namba hizo tatu kwenye karatasi, yaani rezolusheni, ukuzaji na kinachobaki, ndipo uendelee.

« Yaya, buto ya Enregistrer haionekane »

Sehemu ya chini ya dirisha imezama chini ya ukingo wa skrini. Kitufe cha kuhifadhi hakionekani, au jumla ya bei, au vyote viwili. Malalamiko haya yanayapita mengine yote kwa mbali.

Kama mteja amesimama na ankara yake inasubiri, okoa kazi kwanza. Bonyeza Alt pamoja na kitufe cha nafasi. Menyu ndogo itafunguka kwenye kona ya juu kushoto ya dirisha. Kwa mishale shuka hadi neno la kusogeza, « Déplacer » au « Déplacement » kulingana na toleo, bonyeza Entrée, kisha shikilia mshale wa juu. Dirisha litapanda mpaka kichwa chake kitoke nje ya skrini, jambo ambalo ukilijaribu kwa kipanya Windows hulirudisha chini. Kitufe kikishaonekana, kibofye.

Kuna wanaotumia Tab na kuhesabu kichwani: « mara tatu, halafu Entrée ». Acha hiyo. Katika programu nyingi za stoki jirani wa Enregistrer ni Supprimer, na si kila programu huuliza kabla ya kufuta.

Sasa sababu, kwa mpangilio wa zinavyojitokeza.

Ya kwanza ni ukuzaji uliopandishwa. Mtu mwenye macho mazito alikuja, akaweka 125%, akaenda zake. Kwenye « Mise à l'échelle » rudisha 100%, kisha toka kwenye akaunti ya Windows na uingie tena. Kufunga programu tu hakutoshi, kwa sababu programu nyingi za zamani husoma kiwango hicho wakati mtumiaji anapoingia, halafu hazikisomi tena hadi atoke. Kama mwenye kaunta kweli haoni, suluhisho lake ni skrini kubwa zaidi ya mezani, au herufi kubwa ndani ya programu yenyewe kama ina mpangilio huo. Usimrudishie 100% na kumwambia akaze macho.

Ya pili husahaulika: upau wa chini umenenepa. Katika Windows 10, upau usiofungwa unaweza kuvutwa kwa kipanya ukawa mistari miwili au mitatu, na mtoto aliyekuja kucheza karata anatosha kufanya hivyo. Peleka kipanya kwenye ukingo wake wa juu, kikigeuka mshale wenye ncha mbili uvute chini, kisha ufunge kwa « Verrouiller la barre des tâches ».

Ya tatu ni rezolusheni iliyoshushwa, na hii mara nyingi hutokana na dawa mbaya. Mtu anaona dirisha haliingii, anaambiwa « punguza rezolusheni ». Anatoka 1366 × 768 kwenda 1024 × 768, kila kitu kinaonekana kinono, na dirisha linakatika zaidi, safari hii hata ubavuni. Kushusha rezolusheni ni kupunguza nafasi. Irudishe kwenye ile yenye neno « recommandé ». Kama hiyo haimo kwenye orodha, ruka hadi sehemu ya draiva na kebo hapa chini.

Ya nne: upau wa chini hauna kosa, ukuzaji ni 100%, rezolusheni ni ile iliyopendekezwa, na bado chini kunakatika. Hapo dirisha lenyewe limeandikwa refu kuliko skrini. Ikiwa kinachokosekana ni mstari mmoja tu, washa « Masquer automatiquement la barre des tâches » na utapata pikseli 40 za bure. Zaidi ya hapo acha kugeuzageuza mipangilio. Mpigie aliyeiandika programu, umtumie zile namba tatu na picha ya skrini nzima. Picha ya dirisha peke yake haimwambii kitu.

Onyo moja: usifute programu na kuisakinisha upya kwa ajili ya tatizo hili. Programu nyingi za maduka yetu huweka data ya mauzo kwenye faili moja, iwe ya Access au ya SQLite, ndani ya folda ileile ya programu. Ukiifuta folda, umefuta mwaka mzima wa stoki.

« Programme inafunguka, lakini dirisha haiko »

Alama yake inaonekana kwenye upau wa chini, ukiibofya inawaka, lakini mbele yako hakuna kitu. Programu ipo. Imejifungua kwenye skrini ambayo haipo tena.

Karibu kila mara ni kwa sababu kompyuta ilikuwa na skrini ya pili au projekta, programu ikakumbuka mahali pake pa mwisho, halafu kebo ikachomolewa. Ofisi za wakala wa forodha, ambako mtu huweka skrini mbili ili aone deklarasheni upande mmoja na ankara upande mwingine, hukutana na hili kila kompyuta inapobebwa kwenda nyumbani.

Jaribu kwa mfuatano huu. Bofya alama yake kwenye upau wa chini, kisha bonyeza kitufe cha Windows, Maj (Shift) na mshale wa kushoto kwa pamoja; dirisha huhama kutoka skrini moja kwenda nyingine. Haikusaidia? Bonyeza Windows na P, chagua « Écran du PC uniquement ». Bado? Tumia tena Alt na nafasi, chagua neno la kusogeza, bonyeza mshale wowote mara moja, halafu sogeza kipanya bila kubofya: dirisha litakuja limenatana nacho, ubofye ukilifikisha mahali. Ikiwa neno la kusogeza limefifia, dirisha limepanuliwa lote. Chagua kwanza « Restaurer ».

Likishaonekana, lifunge kwa njia ya kawaida ili programu ihifadhi mahali papya. Usiizime kwa nguvu, la sivyo kesho litajificha tena.

Mara chache hayo yote hushindikana, na mahali pa zamani pamebaki kwenye faili ya mipangilio ya programu au kwenye rejista, ghala ambamo Windows huweka mipangilio yake. Rejista usiiguse kwa kufuata video. Mwite fundi, au mwite mwandishi wa programu, ambaye hata hivyo ndiye mwenye kosa: programu inayokumbuka mahali pake bila kuhakikisha kwamba mahali hapo bado papo haijamalizika kuandikwa.

« Maandishi iko na ukungu » na « Maandishi iko kadogo sana »

Nimeziweka pamoja kwa sababu zina mzizi mmoja. Windows huhesabu 100% kuwa nukta 96 kwa inchi. 125% ni 120, 150% ni 144. Programu inayoijua hesabu hii hujichora upya kwa ukubwa unaotakiwa. Isiyoijua huchorwa na Windows kwa nukta 96, kisha picha yake inavutwa: ukubwa ni sawa, lakini herufi zina ukungu. Na ile inayodai kuijua bila kuifanyia kazi hubaki na herufi ndogo kama sisimizi.

Anza na lililo rahisi: toka kwenye akaunti na uingie tena, hasa kama ukuzaji umebadilishwa leo au kompyuta imechomekwa kwenye skrini nyingine. Ukungu mwingi huishia hapo.

Ikishindikana, tafuta faili ya programu yenyewe, bofya kitufe cha kulia, « Propriétés », kisha « Compatibilité », kisha « Modifier les paramètres PPP élevés ». Chini kuna kisanduku cha kubadili jinsi ukuzaji unavyofanywa, chenye chaguo tatu. « Application » huipa programu herufi kali lakini ndogo. « Système » huipa ukubwa sahihi wenye ukungu. « Système (améliorée) », iliyokuja na Windows 10 mwaka 2017, hujaribu kuchanganya mazuri ya pande zote mbili, na kwa programu nyingi za zamani za biashara hufaulu vizuri. Anza na hiyo. Jaribu moja, funga programu, ifungue, angalia. Usibadilishe viwili kwa mpigo.

Kwa programu za Java kuna mtego. Faili unayoibofya huenda ni njia ya mkato tu, na kinachoendesha kila kitu ni javaw.exe. Ukiibadilisha hiyo, umezibadilisha programu zote za Java kwenye kompyuta. Tena, Java 8 haina ukuzaji wa Windows ndani yake. Uliingia na Java 9 mwaka 2017. Lakini usiipandishe Java ya mteja kwa sababu ya herufi ndogo kabla ya kumwuliza aliyeandika programu. Programu iliyojengwa kwa Java 8 inaweza kukataa kabisa kufunguka kwenye toleo jipya, na hapo utakuwa umefunga duka.

Kuna jambo lingine dogo: ikiwa maneno yamekatika katikati ya vitufe lakini madirisha yana ukubwa wa kawaida, angalia « Agrandir le texte » kwenye sehemu ya « Ergonomie » au « Accessibilité ». Kitelezi hicho hufika 225%, na hukuza maandishi bila kuyakuzia nyumba.

« Kila kitu imekuwa kubwa, juzi haikukuwa vile »

Skrini yote ina sura ya kuvutwa, duara zimekuwa mayai, na orodha ya rezolusheni inaishia 1024 × 768 au hata 800 × 600. Usiitafute kwenye programu. Ama Windows haina draiva ya picha, yaani programu ndogo inayoiwezesha kuendesha kadi ya picha, ama haijui imeunganishwa na skrini gani.

Draiva ndiyo ya kawaida, hasa kwa masini za okazioni zilizotoka Ulaya au Dubai zikawekewa Windows upya sokoni. Fungua « Gestionnaire de périphériques », tazama chini ya « Cartes graphiques ». Ukiona jina la Intel, AMD au NVIDIA, draiva ipo. Ukiona jina la jumla la Microsoft, haipo. Unganisha intaneti, nenda kwenye Windows Update, tafuta « Mises à jour facultatives ». Kama unatumia data ya simu, angalia kwamba « Connexion limitée » haijawashwa, kwa sababu ikiwashwa Windows inaweza kukataa kupakua draiva. Lakini ukiizima, inaweza kumeza bando lote kwa masasisho mengine. Mimi napendelea kwenda moja kwa moja kwenye tovuti ya kiwanda kilichotengeneza kompyuta, nikapakua faili moja tu. Kwa Dell, kwa mfano, kuna msimbo wa herufi na namba, saba kwa jumla, chini ya masini unaokupeleka kwenye draiva zake hasa. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zako zote, zikwepe.

Kisha kebo. Skrini nyingi za mezani hapa bado zinatumia VGA, ile plagi ya buluu yenye pini 15. Ndani yake pini ya 12 na ya 15 hubeba mazungumzo ambamo skrini inaijulisha kompyuta jina lake na ukubwa inaoukubali. Zikipinda au zikikatika, picha inakuja kama kawaida na rangi zote ziko sawa, lakini kompyuta haijui inazungumza na nani, na huwa inabaki kwenye 1024 × 768. Zima vyote viwili, chomoa, angalia ndani kwa tochi ya simu. Pini ya 9 mara nyingi haipo tangu kiwandani, hiyo isikushtue. Iliyolala unaweza kuiinua taratibu kwa ncha ya kalamu. Iliyokatika, nunua kebo nyingine, na kabla ya kununua azima ya jirani ujaribu.

Hapa simama: ikiwa skrini inapepesa, ina mistari, inanuka kuungua, au iligoma baada ya umeme kuja kwa nguvu, usiifungue. Skrini za zamani za kioo kinene hubeba volti maelfu mengi, na chaji hiyo inaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomolewa ukutani. Hata za bapa, zile za miaka ya nyuma zenye taa za mirija, na sanduku la umeme la kompyuta, vina sehemu zinazoweza kukutupa chini. Hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki mwenye vifaa. Anayejua kuweka Windows tu asiiguse.

« Ku televizyo, pembeni inakatika »

Kanisa, chumba cha mikutano, au duka lililoamua kuonyesha bei kwenye televisheni. Kingo zote nne zimeliwa kidogo, na nusu ya upau wa chini haionekani.

Kompyuta haina kosa. Televisheni nyingi huikuza picha kidogo na kukata kingo, mazoea yaliyobaki tangu enzi za televisheni za zamani. Chukua rimoti, ingia kwenye ukubwa wa picha, tafuta chaguo linaloonyesha picha nzima bila kukata. Kwa LG huitwa « Just Scan ». Kwenye baadhi ya televisheni kuupa mlango wa HDMI jina « PC » kunatosha. Ukikosa, programu ya draiva ya picha ina kitelezi cha kupunguza picha, ila herufi zitapoteza ukali.

Kwa projekta hali ni nyingine. Nyingi ni za 1024 × 768 au 1280 × 800, na ukichagua « Dupliquer » kwa Windows na P, kompyuta yako inaweza kulazimika kushuka hadi rezolusheni ambayo vyote viwili vinaiweza. Chagua « Étendre », kila kimoja kibaki na yake.

« Ninavuta dirisha, lakini vitu inabakia mu kona »

Hapa nazungumza na walioandika programu. Dirisha linakua, vitu vimejikunyata kwenye kona ya juu kushoto, kulia kuna jangwa la kijivu. Au dirisha linapungua na vitufe vinamezwa.

Sababu ya kwanza kwa wingi: kila kitu kimewekwa kwa pikseli. Katika Java ni `setLayout(null)` pamoja na `setBounds`. Katika Tkinter ni `place(x=…, y=…)`. Katika Windows Forms ni kuburuta vitu na kuviacha na Anchor yake ya kuzaliwa (nanga inayokishika kitu kwenye kingo za dirisha), yaani juu na kushoto. Programu ya namna hiyo inafaa kwenye skrini moja tu duniani, ile ya aliyeiandika.

Dawa ndogo kwa Windows Forms, bila kuandika upya: jedwali lipe Anchor ya pande zote nne, vitufe vya chini uvipe chini na kulia, kisanduku cha kutafutia juu, kushoto na kulia. Saa moja ya kazi kwa kila fomu, na malalamiko mengi yanaisha. Dawa kubwa ni TableLayoutPanel, ambamo safu ya juu na ya chini zinajipima zenyewe na ya katikati inachukua kilichobaki. Kwa Tkinter, hamia kwenye `grid`, kisha usisahau mistari hii ambayo karibu kila mwanafunzi huisahau:

`root.rowconfigure(1, weight=1)`
`root.columnconfigure(0, weight=1)`

Bila uzito huo, `sticky="nsew"` haina cha kunyoosha. Kwa Swing, BorderLayout yenye JScrollPane katikati na paneli ya vitufe kusini inabeba fomu nyingi za mauzo, na badala ya `setSize` weka `pack()`. Access nayo ina mpangilio wa kutia nanga vitu kwenye fomu tangu toleo la 2007, wengi hawaujui.

Halafu kuna jedwali la bei, ambalo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Huku kila mstari una bei mbili, faranga na dola. Tarakimu za faranga ni ndefu: 1 250 000 si fedha ya ajabu kwa magunia machache. Dirisha likipungua na safu zote zikapungua sawasawa, namba hukatwa, na mwenye kaunta anasoma 250 000. Kwa hiyo safu za fedha zipe upana wa chini usiovunjika, upimwe kwa namba ndefu kuliko zote mtakazoandika, na safu ya jina la bidhaa ndiyo inyooke na kusinyaa. Katika DataGridView ni `AutoSizeMode` ya Fill kwa jina peke yake, na `MinimumWidth` kwa fedha. Jina likikatika, « Farine de maïs 25… » bado linaeleweka.

Sababu ya pili huonekana pale vijana wawili wanapofanya kazi kwenye mradi mmoja. Mmoja ana 100%, mwenzake 125%. Kila anayefungua fomu kwenye kiunzi cha Visual Studio (Designer, mahali pa kuchorea fomu) na kuihifadhi anabadilisha vipimo vyake, na baada ya wiki vitu vimetawanyika bila mtu kujua nani alivigusa. Fungua faili ya Designer, tafuta `AutoScaleDimensions`. Ukiona fomu moja ina 6F, 13F na nyingine 8F, 16F, umeshampata mwizi. Kubalianeni: kiunzi kifunguliwe kwa 100% daima, na Visual Studio yenyewe hutoa pendekezo hilo kwa mstari wa njano juu ya fomu.

Ya tatu ni dirisha lililopangwa refu kuliko skrini ya mteja. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo. Masini finyu kuliko zote kwa urefu ni 1366 × 768 kwenye 125%: 614, toa 40 za upau, toa kama 30 za kichwa, zinabaki takriban 540. Finyu kwa upana, ukiwa bado na skrini za zamani za mraba, ni 1024. Basi fomu yako ya kawaida iingie ndani ya 1000 × 540. Isipoingia, igawe kwa vichupo au uiwekee `AutoScroll`, lakini vitufe vya kuhifadhi na jumla ya bei vikae nje ya eneo linalosogea, vionekane muda wote. Ukubwa wa kufungukia usiuandike kwa mkono. Uliza `Screen.WorkingArea`, ambayo imeshatoa upau wa chini, na hapohapo hakikisha mahali ulipohifadhi pamo ndani ya mojawapo ya skrini zilizopo. Hapamo? Fungua katikati.

Kisha tangaza kwamba programu yako inaujua ukuzaji. Kwa .NET mpya ni `Application.SetHighDpiMode` kabla ya fomu ya kwanza; kwa Qt 6 imewashwa tayari. Fanya hivi mwisho. Ukitangaza kabla ya kurekebisha mpangilio, utabadilisha ukungu kwa vurugu, na mteja alikuwa anaweza kuishi na ukungu.

Kwa kujaribu huhitaji kununua skrini. Weka kompyuta yako 1024 × 768 kwa 100%, kisha 1366 × 768 kwa 125%, kisha 1920 × 1080 kwa 150% kama inafika, ukitoka na kuingia kila mara. Fungua kila fomu, ivute, ipanue, ingiza namba ndefu.

Programu za VB6 (Visual Basic 6, lugha ya zamani ya Microsoft) nimeziacha mwisho kwa kuwa bado zipo, na zinafanya kazi. VB6 hupima kwa twipi, 1440 kwa inchi: 15 kwa pikseli kwenye 100%, 12 kwenye 125%, 10 kwenye 150%. Waandishi wengi waliandika 15 moja kwa moja ndani ya msimbo. Windows ikiendelea kuikuza programu kama picha, 15 inabaki sahihi. Ukienda kwenye « Compatibilité » na kuchagua « Application », hesabu inavunjika na vitu vinarukiana. Kwa hizo acha « Système », au jaribu iliyoboreshwa.

Na kama msimbo wenyewe umepotea, aliyeiandika yuko Kolwezi au Johannesburg na hapokei simu, usimlipe mtu anayeahidi kuifungua na kuirekebisha. Iwekee programu hiyo skrini ya mezani ya inchi 22 yenye 1920 × 1080, ukuzaji 100%, na bango dogo la karatasi linalokataza kuubadilisha. Inagharimu kidogo sana ukilinganisha na kuandika upya, na inakupa muda wa kuanza kuhamisha data taratibu kwenda programu nyingine.